Farasi Wawili Wamerudi Kambini

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Ameondoka. Nimemsindikiza Elkana hadi Heathrow, nimerudi peke yangu na treni, nyumba nimeikuta kimya. Lorraine hakutoka chumbani kumuaga baba yake. Ana miaka kumi na sita, ameacha nyama tangu mwaka jana, na sasa baba anapanda ndege kwenda Marekani kuwinda! Elkana aligonga mlango wake. "Haya mwanangu, tutaonana." Hakujibiwa. Akachukua begi, akashuka ngazi, na huko chini akajipangusa jicho kwa kiwiko kama mtu anayefuta jasho. Jasho gani, Oktoba ya London?

Dhiren, mwenzake wa safari, tulimkuta keshafika, na mabuti mapya yanayolia akitembea. Mtu mzima, mwenye maduka yake ya dawa, anachekacheka kama mtoto siku ya sikukuu. "Shemeji, umeniletea mwalimu wangu!" Kiswahili chake cha Arusha hakijachakaa. Ndicho kilichowaunganisha yeye na Elkana, pale kwenye zizi la farasi Mill Hill, Elkana akimfundisha kupanda. Mmoja kakulia dukani kwa baba yake Arusha, mwingine West Kilimanjaro akiongoza watalii juu ya farasi. Wakikaa pamoja utadhani mtu na ndugu yake.

Hii ndoto ni ya Dhiren. Tangu alipokuwa anaangalia sinema za makauboi utotoni. Anataka kuwinda kama wao – farasi, mlima, bunduki ya zamani – kabla magoti hayajamkatalia. Na Elkana anamjua Clayton, Mmarekani aliyefanya naye kazi West Kilimanjaro zamani. Siku hizi Clayton anapeleka wawindaji kwenye milima ya Wyoming. Basi, ikawa.

Kabla ya ukaguzi Dhiren akanivuta pembeni. Deepa, mke wake, anajua anakwenda Toronto kwenye mkutano wa wafamasia! "Nyumbani kwetu hata yai haliingii, shemeji. Nikirudi nitamwambia mwenyewe. Nitakwenda hekaluni, mandir ya Neasden, nitatubu, nitafanya lolote. Ila siyo sasa."

Nikamtazama Elkana. Elkana akatazama sakafu. "Wiki mbili tu, Mama Lo."

Nikakubali. Kwa nini nilikubali?


Jumatatu, 6 Oktoba

Picha zimekuja, za mwisho kabla hawajapanda. Huko juu hakuna mtandao. Tatiana, mke wa Clayton, ndiye aliyezipiga. Farasi wamefungwa kwenye mstari, na nyuma yao baghala wa mizigo, masikio marefu. Dhiren juu ya farasi mweusi, kakaa vizuri, mgongo umenyooka. Elkana wangu juu ya farasi mwekundu – amenenepa usoni au ni kofia?

Bunduki kila mmoja anayo, kwenye ala ya ngozi chini ya goti. Kwenye simu Elkana akanieleza. Ni ya wenzo. Chini ya kifyatulio kuna chuma kama kitanzi. Unakisukuma mbele, unakivuta, ganda linaruka, risasi nyingine inaingia. Haina darubini. Kwa hiyo huwezi kupiga kutoka mbali, lazima umsogelee mnyama mpaka uyaone macho yake.

Mpaka uyaone macho yake! Na huyo Dhiren wa mandir?

Nimemwonyesha Lorraine picha. Akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida, kwamba farasi ni mzuri, anamwonea huruma. Farasi, siyo baba.


Alhamisi, 9 Oktoba

Elkana ana kifaa cha setilaiti, kinatuma maneno machache. Leo yamekuja haya:

"Tuko kambini. Siku nzima juu ya tandiko, mapaja yamekwisha. Baridi kama ya Horombo, kule juu Kilimanjaro. Elki wanalia asubuhi, kama filimbi iliyopasuka."

Baadaye:

"Dhiren alimpata dume. Karibu kabisa. Akalenga. Hakufyatua. Anasema kidole kilikataa. Clayton kacheka. Mimi sikucheka."

Nimeitafuta picha ya elki. Ni jamii ya kulungu, ila huyu ni mkubwa kama ng'ombe, na pembe kama matawi ya mti uliokauka. Dume linasimama kama lina hati ya kiwanja.

Nimelala na raha kidogo. Kidole kilikataa – vizuri! Warudi na picha tu. Deepa asijue kitu, mambo yaishe.


Jumapili, 12 Oktoba

Natoka ibadani simu inaita. Deepa! Tumeonana mara chache tu, lakini ana Kiswahili cha nyumbani, na sauti ya mtu anayekujua.

"Mama Lorraine, Diwali ni Jumatatu ya tarehe ishirini. Mje wote. Dhiren atakuwa amerudi."

Nikashukuru. Nikadhani yamekwisha.

"Tangu Jumatatu hajaandika. Alisema mtandao wa hoteli mbaya. Toronto gani hiyo isiyo na mtandao?" Akacheka. Nami nikacheka. "Elkana hajambo?"

"Hajambo. Yuko kazini. Farasi hawajui Jumapili."

Nimesema hivyo nikiwa mlangoni pa kanisa, Biblia kwapani. Uongo umetoka laini, hata sikusita.


Jumatatu, 13 Oktoba

Jumbe zimekuja usiku wa manane, kwa vipande, naziandika zilivyo.

"Dhiren amepiga. Jioni, dume kubwa. Risasi imeingia nyuma ya mbavu. Mnyama amekimbia. Damu ipo, yeye hayupo."

"Clayton kashuka na baghala kufuata chakula, anarudi Jumatano. Tuko wawili."

"Dhiren hali chakula. Analia. Anasema hawezi kuacha kiumbe kife polepole kwa mkono wake. Kukicha tunafuata damu."

Nikaandika haraka: Msubirini Clayton! Nikaongeza: Tafadhali.

Jibu likachukua muda. "Theluji inakuja kesho usiku. Ikifunika damu hatutampata tena. Tutakuwa tumerudi mchana. Siwezi kumwacha aende peke yake. Usiogope, Aikaeli."

Ameniita Aikaeli. Siyo Mama Lo. Ananiita hivyo akiwa anaogopa yeye.


Jumanne, 14 Oktoba

Hakuna ujumbe.

Mchana wa kule umepita. Jioni ya kule imefika. Nimeandika mara nne. Hakuna.

Labda betri.


Jumatano, 15 Oktoba

Nilikuwa mapumzikoni, steshenini Stratford ninakofanya kazi, chai mkononi. Namba ya Marekani. Nikajua kabla sijapokea.

Tatiana. Anaongea polepole, kama anayebeba maji. Clayton amefika kambini asubuhi ya kule, akampigia kwa redio. Kambi haina watu. Farasi wawili wamesimama karibu na hema, matandiko mgongoni, hatamu zimekatika, theluji imeganda kwenye manyoya. Dhoruba ilikuja mapema – Jumanne mchana, siyo usiku.

Ala ya farasi mweusi ina bunduki. Ala ya farasi mwekundu ni tupu. Kifaa cha setilaiti kilikuwa kwenye mfuko wa tandiko la Elkana. Jumbe zangu zote zimo humo, hakuna aliyezisoma.

Nikauliza kwa nini farasi warudi bila watu. Tatiana akasema inatokea. Watu wanashuka kutafuta damu chini, wanafunga farasi kwenye mti, kitu kinawatisha, hatamu zinakatika. Farasi anajua njia ya kambini. Akasema pia – hili nalishika – ala tupu ni habari njema. Maana yake Elkana anayo bunduki mkononi.

Polisi wa kule wameambiwa, watafutaji wanajiandaa. Lakini wingu limekaa juu ya mlima, ndege haiwezi kuruka, na theluji inafika magotini.

Kisha akaniomba niiarifu familia ya yule bwana mwingine. Wote wawili walitoa namba yangu mimi. Hana nyingine.

Nikasema sawa.

Nikarudi kwenye kipaza sauti kutangaza treni. Sauti ikatoka ileile ya kila siku. Tulivu! Abiria wakanyanyua mabegi wakasogea. Hilo limenitisha kuliko simu yenyewe.

Jioni sikwenda Kingsbury kwa Deepa. Nilijiambia labda kesho asubuhi watakuwa wamepatikana. Nilijiambia mengi.


Alhamisi, 16 Oktoba

Hawajapatikana.

Nimemwambia Lorraine kwanza, kabla hajavaa viatu vya shule. Hakulia. Akauliza baba amevaa nini. Nikamwambia koti lile zito, na fulana ya rangi ya chungwa wanayovaa wawindaji wasipigane risasi. Akauliza glavu. Sikujua. Akarudi chumbani. Nikamsikia anarekodi ujumbe kwenye simu ya baba yake iliyozimwa – kwa Kiswahili! Mtoto ambaye nikimwambia shikamoo ananijibu hello. "Baba, samahani, baba." Nikaziba mdomo kwa kanga.

Kazini nimeomba ruhusa. Nimepanda treni ya Jubilee kutoka mwanzo wa reli mpaka Kingsbury. Stesheni zote hizo, na katika kila moja nilijiambia nishuke nirudi.

Barabara yote ya Kingsbury imevaa taa. Madirisha ya maduka yamejaa masanduku ya peremende, akina mama wamepanga foleni hadi nje. Deepa akafungua mlango na unga mikononi, harufu ya iliki na samli ikanipiga usoni.

"Mama Lorraine! Ingia, ingia. Nakaanga, usiniangalie nilivyo."

"Dada Deepa, zima jiko."

Akanitazama. Akaenda akazima.

Nikamwambia tumesimama palepale jikoni. Sikujua pa kuanzia, nikaanzia mwisho: kwamba hawajulikani walipo. Akasema, "Toronto?" Nikasema siyo Toronto. Nikamwambia mlima, farasi, bunduki, elki. Alikuwa ananisikiliza huku anajipukuta unga kidole kimoja kimoja, mpaka mikono ikawa misafi, na bado akaendelea kujipukuta.

"Alimuua?"

"Alimjeruhi. Ndiyo maana walikwenda. Alikataa kumwacha mnyama na maumivu. Elkana hakuweza kumwacha aende peke yake."

Akavuta kiti akakaa. "Basi hatarudi mpaka ampate. Mimi namjua. Huyu mtu, buibui akiingia bafuni, anamtoa nje kwa glasi." Akainua macho. "Na wewe umejua tangu lini?"

"Tangu siku waliyoondoka."

"Jumapili nilipokupigia?"

"Nilikuwa najua."

"Na kupotea?"

"Tangu jana mchana."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Jana mchana nilikuwa nanunua taa," akasema. "Nilikuwa namchagulia kurta ya kuvaa Diwali. Nimebishana na mwenye duka kuhusu rangi. Wewe unajua, na mimi nachagua rangi."

Nikasema nisamehe. Akainuka, akafungua mlango wa mbele, akasimama pembeni akiangalia barabarani.

"Nenda nyumbani, Mama Lorraine."

Nikaenda.


Ijumaa, 17 Oktoba

Wingu bado. Ndege bado iko chini. Watu sita wamejaribu kupanda na farasi, theluji ikafika kifuani kwa farasi, wakageuka.

Lakini! Clayton yuko kambini, hakukubali kushuka. Leo asubuhi ya kule amesikia risasi. Moja, nyingine, nyingine. Tatu, zimepangwa. Tatiana anasema tatu ni wito wa msaada, kila mwindaji anajua. Zilitoka ng'ambo ya ukingo wa mlima, ila upepo uliitawanya sauti, hakujua ni upande gani hasa. Naye akapiga tatu. Akasubiri. Hakujibiwa.

Mtu yuko hai! Nimempigia Lorraine shuleni, wakamtoa darasani. Safari hii akalia.

Halafu nikakaa na simu mkononi. Deepa kanifukuza. Lakini siwezi kujua hili peke yangu tena. Siwezi. Nikaandika ujumbe, nikaufuta, nikapiga.

Akapokea mara moja. Nikasema risasi tatu. Nikasikia anavuta pumzi.

"Bunduki ilikuwa ya nani?"

Nikasita. "Ya Elkana. Ya Dhiren ilibaki kwenye tandiko."

Wote wawili tukalifikiri jambo moja, najua. Mwenye bunduki ndiye aliyepiga.

"Wanaweza kuwa pamoja," nikasema. "Elkana hawezi kumwacha."

"Ulisema hivyo jana." Kisha: "Hapa kwangu kila mtu anapiga simu kuuliza kama Dhiren amefika kutoka Toronto. Nawajibu atafika kesho. Naongopa kama wewe. Njoo kesho. Njoo na mtoto. Sitaki kukaa na mtu ambaye lazima nimweleze."


Jumamosi, 18 Oktoba

Tuko kwa Deepa tangu asubuhi. Leo ndiyo siku waliyokuwa warudi. Ndege yao imetua Heathrow bila wao.

Deepa hakunikumbatia, lakini kanipa chai kabla sijavua koti. Lorraine naye Deepa kamwekea donge la unga mbele, kamwonyesha namna ya kujaza sambusa zao tamu za nazi, kuzikunja ukingo. "Nikiacha kupika itakuwa matanga," akasema. Basi tumepika. Wote watatu. Lorraine anakunja vizuri, ana vidole vya baba yake. Deepa akaniuliza, bila kuinua macho, kama Elkana anajua milima. Nikamwambia kazaliwa kwenye mlima. Kwamba aliwahi kukaa na mtalii aliyevunjika mguu, usiku mzima kwenye mvua, akimfunika kwa tandiko la farasi, mpaka wakaja kuwachukua. Akaitikia kwa kichwa. Akasema Dhiren ana dawa za presha, na kwamba zimebaki bafuni. Alizikuta jana. Aliziacha ili wasimwone mgonjwa huko mlimani, au alisahau tu? "Mfamasia," akasema. Akataka kucheka, haikutoka.

Saa tisa alasiri Tatiana akapiga. Nikaiweka simu mezani, katikati ya unga, sauti juu.

Wingu limefunguka. Ndege ndogo imeruka kulipokucha. Ng'ambo ya ukingo, kwenye bonde, rubani ameona moshi. Karibu na moshi kuna mtu mwenye fulana ya rangi ya chungwa. Amesimama. Alipunga mikono yote miwili.

Lorraine akapiga yowe. Mimi nilishika meza.

Tatiana akaendelea. Pembeni ya mtu kuna mnyama amelala, pembe zinaonekana juu ya theluji.

"Alimpata," Deepa akanong'ona. "Alimpata."

Nikangoja. Ilibidi niulize mimi. "Na mwingine?"

Rubani alizunguka mara kadhaa. Ameona mmoja. Huenda mwingine yuko chini ya matawi, wamejenga kibanda, moshi unaficha. Huenda. Hakuna pa kutua. Clayton na watafutaji wameshaondoka na farasi wenye nguvu, wanafungua njia kwenye theluji, watachukua muda mrefu.

Deepa akainama juu ya simu. Ni mrefu au mfupi? Ana ndevu? Amevaa miwani? Tatiana akasema rubani hakuweza kujua. Alikuwa juu sana, upepo ulimsukuma, na mtu kajifunika kichwa chote.

Simu ikakatika. Hakuna aliyeinyanyua.

Sasa tuko sebuleni, mimi na Deepa kwenye kochi. Lorraine amekaa ngazini, kichwa kwenye magoti. Deepa kaushika mkono wangu wa kushoto, kaushika kwa nguvu, pete yake inaniumiza. Naandika kwa wa kulia. Nisipoandika nitapiga kelele.

Midomo yake inatikisika. Anaomba. Najua anachoomba, kwa sababu mimi ninaomba hichohicho, na jina ndilo tofauti. Mtu mmoja amesimama. Ee Mungu, awe Elkana. Namwambia Mungu hivyo, awe Elkana, wakati mke wa Dhiren amenishika mkono. Najaribu kusema wote wawili, Bwana, wote wawili, lakini nikifika mwisho wa sentensi lipo jina moja tu.

Ameangalia karatasi. Kiswahili anakisoma, lakini mwandiko wangu haumruhusu.

"Unaandika nini?"

"Sala," nimemwambia.

"Ya nani?"

Nimegeuza ukurasa. Hajaniachia mkono.